Maharagwe ya Pole

Hapo mwanzo kila kitu kilikuwa cha haraka. Kituo chetu cha afya kule Katoyi, mtaa wa Goma, kilihitaji mambo kumi na moja, na Papa Jean-de-Dieu, rais wa komite, aliyaandika yote kwenye karatasi kubwa, na mbele ya kila moja akaweka neno moja la Kifaransa kwa kalamu nyekundu: urgent. Paa la materniti, urgent. Ukuta wa nje, urgent. Tangi la kukinga maji ya mvua, urgent. Hata bango la mlangoni lilikuwa urgent. Karatasi ikatundikwa ndani ya biro, ofisi ya kituo, na Mama Nabintu, aliyekaa chini yake kutwa nzima, akasema siku moja kwamba inamchosha kama kupigiwa kelele na watu kumi na mmoja kwa wakati mmoja.

Nabintu alikuwa karani wa kituo. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwenyeji wa Kabare upande wa Bukavu, na Goma alikuwa ameishi miaka ishirini na mbili bila kuacha kuiita "kwa watu". Kazi yake ilikuwa kuandika majina. Mgonjwa aliingia, akataja jina, umri na avenue anayokaa, na Nabintu akayapanga katika rejista kubwa kwa mwandiko ambao masista walimfundisha zamani, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye mstari wa shule. Mwanamke mjamzito alipokuja kujiandikisha, Nabintu alimtajia vitu vya kuja navyo siku ya kuzaa: vitenge viwili, wembe mpya, uzi. Kisha alisema sentensi ya mwisho, ile aliyoisema mara sita au saba kwa siku, bila kuinua macho.

"Na bidoni moja ya maji, mama. Ile kubwa."

Bomba la kituo lilikuwa kavu siku nne kati ya saba. Kila mtu alijua. Lakini Nabintu alijua kwa namna yake, kwa sababu miaka mitatu nyuma binti yake wa pekee, Christa, alizaa pale alfajiri moja, na uchungu ulikuja haraka hata hakuna aliyekumbuka bidoni. Mkunga, Mama Uwitonze, alinyoosha mikono yake nyuma bila kugeuka na kuuliza, "Maji iko?" Nabintu alitazama ndoo. Chini ya ndoo palikuwa na maji ya kujaza kikombe kimoja. Mtoto aliishi, Christa aliishi, hakuna baya lililotokea. Ila mikono ile iliyonyooshwa nyuma ikingoja haikumtoka machoni. Tangu siku hiyo, katika mambo yote kumi na moja, yeye alitaka moja: mifereji ya bati kwenye paa la materniti, na tangi la kupokea mvua.

Komite ilikuwa na watu saba, na kila mwezi shirika moja lilikiletea kituo vifaa vya kazi moja tu. Saruji, mbao, mabati, kadiri ya kazi iliyochaguliwa. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, na orodha ambayo kila kitu chake ni cha haraka haisaidii mtu kuchagua. Ndipo mwalimu mmoja wa shirika alipokuja akawafundisha kura ya maharagwe. Mambo kumi na moja yanaandikwa kwenye vipande vya karatasi, kila karatasi inawekewa sahani, kila mjumbe anapewa maharagwe matano. Unaweza kuyaweka yote kwenye sahani moja, unaweza kuyagawa. Sahani yenye maharagwe mengi ndiyo kazi ya mwezi. Nabintu alikabidhiwa kuandika matokeo katika kaye, daftari la komite, na kutunza maharagwe, thelathini na matano, ndani ya kopo la maziwa.

Ilikuwa njia nzuri. Hakuna aliyegombana. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi walikaa, walipita mbele ya sahani mmoja baada ya mwingine, na katika nusu saa jambo lilikuwa limekwisha. Mwalimu alirudi kuwatazama akawasifu kwa umoja wao. Na tangi likaendelea kuwa la tatu, mara la nne, mara la pili, mara la nne tena.

Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Katika miezi hiyo vita viliingia mjini na watu wengi tuliowazoea hawakuonekana tena, na komite iliendelea kukaa kila Alhamisi yake, labda kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwa bado na siku yake.

Mwezi wa tatu wa mwaka huu paa la biro lilivuja na kaye ikalowa. Nabintu alinunua nyingine akaanza kunakili. Alikuwa ameinama hapo mchana mzima, peke yake, na mvua ikipiga bati, alipofika kwenye mwezi wa ukuta akasimamisha kalamu. Ukuta wa nje. Ulikuwa wa saba kwenye orodha, kisha ghafla ukapata maharagwe ishirini na sita. Mwezi gani huo? Akakumbuka. Ni mwezi ambao muzee Habarurema, mlinzi wa kituo, alimzika binti yake. Akarudi nyuma kurasa mbili. Kibanda cha kungojea, ambacho hakuna aliyekuwa akikitaja: mwezi huo Mama Émérance, mjumbe wa wanawake wa avenue, alifiwa na mumewe, na yeye ndiye aliyekuwa ameomba kibanda. Stoo ya vyombo vya ujenzi: Papa Kambere, fundi mwashi, alikuwa amepata habari ya kifo cha kaka yake kule Beni.

Hakuna aliyepanga. Mtu aliyetoka kwenye kilio aliingia na kitambaa cheusi, akakaa, na wenzake wakapita mbele ya sahani na mikono yao ikaenda yenyewe. Nani angemnyima mtu aliyefiwa? Nabintu mwenyewe alikumbuka maharagwe yake. Matatu kwenye ukuta wa muzee. Manne kwenye kibanda cha Émérance. Kwa muda wa mwaka na zaidi orodha ya kituo ilikuwa imefuata makaburi.

Pembeni mwa kila kazi, kwa kalamu ya risasi, aliandika jina la marehemu. Kisha Kambere akaingia kukwepa mvua, mtu mrefu wa Butembo, mtaratibu, asiyeketi mahali mpaka apanguse vumbi la suruali yake kwanza. Nabintu akamwonyesha ukurasa.

Kambere alisoma polepole. "Ee Mungu wangu," alisema. "Njo vile tulikuwa tunafanya?"

"Njo vile."

"Na tangi yako?"

Nabintu alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Tangi yangu inangoja mutu wangu afe. Basi na miye ningoje."

Kambere hakucheka. "Mama, maneno ingine haisemwi."

"Mvua inanyesha, Papa Kambere. Hakuna mwenye anasikia."

Wiki tano baadaye, mwezi wa nne, simu ilikuja kutoka Kabare. Mama yake Nabintu alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Nabintu alivuka ziwa kwa boti, akazika, akakaa siku za kilio pamoja na dada zake, akarudi. Njiani, usoni mwake mkiwa na upepo wa ziwa, hakulia. Alikuwa akisikia sauti yake mwenyewe ikisema sentensi ile chini ya bati. Alijua vizuri kwamba mama alikuwa na miaka themanini na miwili, kwamba moyo ulikuwa mbovu tangu zamani. Kujua hakukusaidia kitu.

Alirudi kazini Jumatatu. Jumanne Mama Uwitonze akamwita nyuma ya materniti kumwonyesha choo. Dale, ile saruji pana inayofunika shimo, ilikuwa na ufa. Ulianzia pembeni ukaenda mpaka karibu na katikati, na kidole kidogo kiliingia ndani yake. Shimo lile lilichimbwa kwenye jiwe la volkano kwa miezi mingi. Lilikuwa na kina cha watu watatu. Nabintu alisimama pembeni akawaza wanawake wanaokuja pale na matumbo yao, usiku, na tochi ya simu. Akamwaza Christa. Christa alikuwa na mimba ya pili, ya miezi minane kasoro, na angezaa katikati ya mwezi wa sita.

Hapo hesabu yake ilikuwa wazi. Mvua huku huisha mwezi wa tano unapokwisha. Tangi likichaguliwa Alhamisi hii, litakuwa limejaa kabla Christa hajazaa. Lisipochaguliwa, litakaa tupu mpaka Septemba hata likijengwa. Lakini ufa ulikuwa ufa.

Alhamisi alifika na kitambaa chake cheusi kichwani. Wajumbe walimpa mkono mmoja mmoja. Kabla ya kura aliwaeleza habari ya dale, na Papa Jean-de-Dieu akamgeukia fundi.

"Papa Kambere, umeiona?"

"Nimeiona asubui." Kambere alitazama mikono yake. "Simenti ya zamani, mutu hawezi kuiapia. Inaweza kushika miaka. Inaweza kutuachilia kesho. Uongo sipendi: sijui."

"Basi tupige kura," alisema Jean-de-Dieu.

Nabintu alipita wa kwanza. Aliweka maharagwe yake matano kwenye sahani ya dale, akarudi kukaa, akainamisha kichwa. Alisikia wengine wakipita. Sauti ya punje zikianguka ilitoka mahali pamoja, kila mara mahali pamoja, na hakuhitaji kuinua macho ili ajue.

Tangi, thelathini. Dale, matano.

Mama Émérance alikuwa tayari akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Papa Jean-de-Dieu alisimama, mwalimu wa katekisimu, sauti yake ikawa ya kanisani. "Mama Nabintu, komite imesema. Hii ni pole yetu. Umengoja sana."

"Aksanti," alisema Nabintu.

Alikuwa amepata. Miezi kumi na minne, na sasa lilikuwa pale, rundo dogo jekundu ndani ya sahani ya plastiki. Angefungua kaye, angeandika, na jioni karatasi ya kuagiza vifaa ingeondoka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kukubali kungekuwa kama kulala.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini, mama?"

"Mama yangu alikunywa maji ya kijito cha Kabare maisha yake yote. Hakuna siku aliniuliza juu ya tangi." Akafungua kaye na kuanza kusoma, bila kupandisha sauti, kama anavyosoma majina ya wagonjwa asubuhi. Stoo: kaka wa Kambere. Kibanda: mume wa Émérance. Ukuta: binti wa muzee Habarurema. Paa la biro, lile lililovuja hata baada ya kutengenezwa: baba mdogo wa Jean-de-Dieu. "Na miye niliweka, siku zote niliweka. Simutukani mutu. Lakini wafu wetu njo wanatupangia kazi, na wao hawaendi choo."

Mtu mmoja alicheka akajizuia. Muzee Habarurema alikohoa.

"Ukuta ule sikuuomba miye," alisema. "Nilikuja hapa kilio kimeisha jana yake. Nikaona mumenipa ukuta. Mutu anapewa, anakataa namna gani? Nimeulinda mwaka muzima huo ukuta, na kila siku nikiutazama ninamuona mutoto."

Mama Émérance ndiye aliyekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Sasa Nabintu unakataa pole? Hatukufika kwako ku kilio, barabara imefungwa, Bukavu mbali, hatukukupikia, hatukukaa na weye hata siku moja. Tuko na hii tu. Unaturudishia? Tuipeleke wapi?"

Neno hilo lilimpata. Nabintu alitazama sahani. "Muipike," alisema.

"Tupike nini?"

"Maharagwe. Pole inapikwa, mama. Inaliwa. Mupike tukule, kisha tupige kura na kitu kingine."

"Punje thelathini na tano!" alisema Kambere. "Zitashibisha kuku gani?"

Sasa walicheka wote, hata Émérance, akiwa bado amekunja uso. Nyumba yake ilitazamana na kituo, na sufuria ya maharagwe ilikuwa motoni kwake tangu saa sita. Akazirudisha punje ndani ya kopo la maziwa, akavuka barabara akinung'unika, akamimina punje zile kavu ndani ya zile zilizokuwa zikikaribia kuiva. Baada ya saa moja na nusu alirudi na sufuria na sahani za kura zikawa sahani za kulia. Punje za kopo hazikuwa zimeiva, bila shaka. Kila baada ya muda mtu aliacha kutafuna, akashika shavu, na wenzake wakamwambia, "Umepata ya tangi!" Papa Jean-de-Dieu alipata tatu. Walimwuliza Nabintu habari za mazishi, nani alikuwepo, padri alisema nini, mama alikuwa mtu wa namna gani, na kwa mara ya kwanza tangu aliposhuka botini alieleza. Alisema mama yake alikuwa na tabia ya kuhesabu watoto wote kabla ya kufunga mlango, hata watoto walipokuwa na nywele nyeupe. Ndipo alipolia, mdomoni mwake mkiwa na chakula.

Sahani zilioshwa kwa maji ya bidoni ya Émérance. Muzee Habarurema alitoka nje akarudi na kofia yake imejaa vijiwe vyeusi vya volkano, maana ndivyo tulivyo navyo kuliko kitu kingine chochote. Wakapita upya, vitano kila mtu. Zamu yake ilipofika, Nabintu alisimama kitambo mbele ya tangi. Vijiwe vilikuwa na joto la kiganja chake. Aliviweka vyote vitano kwenye dale, kama mara ya kwanza, akarudi kukaa upesi kabla mkono haujabadili mawazo.

Dale, vijiwe kumi na tisa. Tangi, kumi na moja. Vingine vilitawanyika. Ilikuwa kura ya kwanza ya komite iliyofanana na kitu walichokifikiri watu.

Vifaa vilifika wiki ya pili. Jumanne asubuhi Kambere alichukua nyundo kubwa ili avunje dale ya zamani. Kutoka biro mpaka choo ni hatua ishirini, na dirisha halina kioo. Nabintu alikuwa akiandika jina la mtoto mwenye homa aliposikia pigo la kwanza. Kalamu ilisimama. Saruji iliyooza hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, kila mtu wa Goma anaijua, tumevunja na kujenga mara nyingi mno. Sauti hii ilikuwa nzito na imejaa, sauti ya jiwe. Pigo la pili, vilevile. La tatu.

Kambere alipiga mpaka adhuhuri. Alipumzika, akapiga mpaka saa kumi. Jumatano akaanza tena mapema, na Nabintu aliandika majina, avenue, umri, na katikati ya kila jina nyundo ilishuka. Hakwenda kuangalia. Wagonjwa walilalamika kuhusu kelele, naye aliwaambia kazi itaisha tu.

Ilikaribia saa saba mchana palipotulia. Kambere aliingia biro, mweupe kwa vumbi tangu nyusi mpaka viatu. Safari hii hakupangusa suruali.

"Imekwisha?" aliuliza Nabintu.

"Imekwisha." Alivuta pumzi. "Mama, ile dale ilikuwa imeoza kabisa. Nilipiga mara moja tu, yote ikaanguka ndani. Kama mutu angekanyaga..."

Nabintu alimtazama. Viganja vyake viwili vilikuwa vimefungwa vipande vya kitambaa, na kwenye kimoja damu ilikuwa imepenya. Kambere aliona anakotazama, akaiweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto.

"Mara moja?"

"Mara moja, mama."

"Basi Mungu alituona."

"Alituona sana."

Nabintu alichota kikombe cha maji kwenye bidoni yake mwenyewe akampa, naye akanywa amesimama. Alipotoka, Nabintu alifungua kaye akaandika: Dale ya choo, mwezi wa tano, imekwisha. Kalamu ya risasi ilikuwa karibu. Aliishika, akatazama ule upande wa ukurasa wenye majina ya wafu, akairudisha mezani. Nafasi ilibaki tupu.

Mvua ya mwisho ilinyesha siku nne kabla ya mwezi kwisha, kubwa, ya saa mbili. Nabintu alisimama mlangoni akitazama maji yakimwagika kutoka paa la materniti pande zote na kuzama kati ya mawe meusi, bila kuacha hata kidimbwi. Kisha kiangazi kikaja na vumbi lake. Kwenye kura ya Juni tangi lilishika nafasi ya kwanza, vijiwe ishirini na viwili. Lilijengwa. Liko pale, safi, linangoja Septemba.

Christa alishikwa na uchungu tarehe kumi na saba, asubuhi, siku ya bomba kavu. Nabintu alikuwa amebeba bidoni mbili tangu kisima cha barabara kubwa, moja mgongoni, ya pili akiikokota hatua kumi kumi, akisimama na kubadilisha mkono. Alipita mbele ya tangi. Alipita mbele ya choo, ambapo dale mpya ilikuwa bado na alama za mwiko wa Kambere. Bega lilimwuma kwa namna ambayo halingepona jioni hiyo wala kesho yake.

Ndani, Mama Uwitonze alikuwa ameinama, mgongo umeelekea mlango. Alinyoosha mikono nyuma bila kugeuka.

"Maji iko?"

"Iko," alisema Nabintu, akaitua bidoni.